Kidole cha Safari

Kila baba alipokaribia kusafiri, sisi watoto tulipangwa kwenye ukuta wa baraza kwa kufuata umri, visigino vikigusa ukuta na mguu wa kulia ukiwa wazi. Baba alichuchumaa mbele yetu na kipande cha uzi wa nyavu, akaukaza kutoka kisiginoni hadi ncha ya kidole gumba, akaongeza upana wa kidole chake kimoja, kisha akaukata kwa wembe. Mwishoni mwa kila uzi alipiga mafundo: fundo moja kwa kaka yetu mkubwa, mawili kwa dada, na kuendelea hivyo hadi mtoto wa mwisho. Mimi ni wa nne, kwa hiyo uzi wangu ulikuwa na mafundo manne, na nakumbuka wivu niliowaonea wadogo zangu, nikidhani kwamba mafundo mengi ndiyo cheo. Nyuzi zote alizikunja pamoja, akazitia katika kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo likavuka naye Ziwa Tanganyika. Ule upana wa kidole kimoja alikuwa ameupa jina: kidole cha safari. Yalikuwa makisio yake ya jinsi mguu wa mtoto utakavyokua kati ya siku anayoondoka na siku atakayorudi na viatu.

Leo mimi ni mhasibu, ninaishi Tabora, na kazi yangu ya kila siku ni kukagua makisio ya watu wengine. Kidole kile ndicho bajeti ya kwanza niliyowahi kuiona ikiandaliwa.

Baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, tulikaa matanga Ujiji, na kwa kuwa nilikuwa nikiingia na kutoka kwa shughuli za chakula, nilisikia mazungumzo ya pande zote mbili. Barazani wazee walimzungumzia mtu mkali wa safari, aliyevuka ziwa usiku kwa boti iliyokuwa ikivuja, aliyepoteza mtaji wote na kuanza upya, na ambaye hakuna askari wa forodha aliyeweza kumtisha. Ndani, akina mama walimzungumzia mwanamume aliyejua siku ya kliniki ya kila mtoto, aliyewahi kumsuka binti yake nywele, tena vibaya, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa, na ambaye hakugusa sahani mpaka aulize nani hajala. Ungedhani tumezika watu wawili. Mzee mmoja akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba baba yangu alikuwa mtu wa bahati, maana watu wa aina ile kwa kawaida hawana nyumba. Neno hilo limenikaa. Siamini kwamba ilikuwa bahati, wala siamini kwamba ujasiri wa baba ulikuwa ukishindana na mapenzi yake kwa watoto wake. Alithubutu kuvuka vile kwa sababu ya jinsi alivyokuwa ameipanga nyumba nyuma yake. Nataka kulieleza hilo kwa kirefu, kwa sababu siku hizi kila nikisikia habari za wajasiriamali nasikia habari za mtu aliyeuza hadi kitanda cha mkewe ili apate mtaji, na watu wanapiga makofi bila ya kuuliza mke alilala wapi.

Baba alizaliwa Ujiji wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, katika ukoo wa Kimanyema ambao wazee wake walitoka ng'ambo ya magharibi katika karne ya 19, enzi ambapo Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo. Naitaja asili hiyo kwa sababu wanapomwita baba mhamiaji, mimi hujiuliza alihama kutoka wapi kwenda wapi. Kwetu ziwa lilikuwa uani, na Kongo ilikuwa chumba cha pili ambacho mlango wake wakati mwingine hukwama.

Shule yake ilikuwa chuo cha Kurani, ambako alizijua herufi za Kiarabu, na akiwa na umri wa miaka kama 17 alikwenda kuwa kuli katika bandari ya Kigoma. Wakati huo sehemu ya bandari ile ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji: kwa makubaliano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa eneo Kigoma na jingine Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite kwa reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Makasha yaliteremshwa kutoka kwenye behewa na kupandishwa melini, na kila kasha lilikuwa limepigwa chapa ya mji linakokwenda. Baba alijifunza herufi za Kilatini mgongoni mwa makasha hayo. Alimuuliza karani jina la mji, akalirudia mdomoni huku akilitazama umbo lake, akalinganisha herufi iliyoko mwanzo wa Albertville na ile iliyofunga Usumbura, Bujumbura ya leo, na kwa namna hiyo, kasha baada ya kasha, akaanza kusoma. Hadi uzeeni aliandika kwa herufi kubwa tupu, kama chapa ya mzigo. Barua alizonitumia nikiwa bwenini zilionekana kana kwamba zilitakiwa kupakiwa melini.

Alitamani kwenda Albertville kwa sababu ndilo neno la kwanza aliloweza kulisoma. Ilimchukua miaka kumi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 na haikutulia. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki yote, na mwaka 1965 Kigoma yenyewe ikawa mlango wa vita, ambako Che Guevara na Wakuba wenzake walipitia kuvuka kwenda kuwasaidia waasi. Baba aliwahi kusema kwamba katika mwaka ule hata mvuvi wa samaki aina ya kuhe aliulizwa maswali. Alivuka mwaka 1968, na alipofika alikuta kwamba mji haukuwa tena na jina alilolisoma kwenye makasha, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuitwa Kalemie. Alifurahi sana kuisimulia sehemu hiyo.

Alivuka na magunia matano ya chumvi ya Uvinza, yote ya mkopo. Chumvi ni mzigo mbaya kwa boti. Ikipata maji chini inayeyuka, ikipata mvua juu inayeyuka, na hata ikiwa salama kabisa hunyonya unyevu wa ziwa, ikawa nzito kuliko ulivyoipakia. Alitandika mbao chini ili maji ya tumbo la boti yasiifikie, akafunika turubai juu, akalala juu ya turubai. Kutoka Kigoma hadi Kalemie ni zaidi ya kilomita 100 kwa kuteremka kusini-magharibi, katika ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470, na ambalo duniani linapitwa na Baikal peke yake kwa kina. Bibi yetu alimkumbusha kina hicho kila safari. Jibu la baba lilikuwa moja, nalo tulilijua kwa moyo: mtu huzama mita mbili za kwanza tu, zilizobaki ni safari.

Kalemie ipo pale ambapo mto Lukuga unatoka ziwani kwenda kuungana na maji ya Kongo, na palikuwa na reli iliyoingia ndani hadi Kabalo na kuendelea, pamoja na kiwanda cha nguo. Baba aliona upesi kwamba wafanyakazi wa reli na wa kiwanda hulipwa mwisho wa mwezi lakini hula kila siku, kwa hiyo akauza chumvi, sabuni na dagaa kwa kukopesha, na akalifanya daftari la wadeni kuwa ndiyo duka lenyewe. Kaunta ilikuja baadaye. Alipanga chumba katika ua wa mama mmoja wa Kitabwa, mjane, ambaye alimwita mwanangu tangu wiki ya kwanza na kumgombeza kwa kutokula. Mwaka 1970 alirudi Ujiji kuoa, akavuka tena na mama, na kaka na dada yangu wakazaliwa huko.

Ndiyo maana nyumbani kwetu, hadi leo, wakubwa wawili wana Kiswahili tofauti na chetu wengine. Kaka akikasirika husema "batu" badala ya "watu". Baba mwenyewe alibadilisha lugha katikati ya maji: akitoka Kigoma alikuwa Mjiji, akifika ng'ambo akawa wa huko, na aliporudi usiku, kabla hata ya kuvua viatu, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Batoto banalala?" Tulikuwa macho, sote, na tulijifanya tumelala ili tuisikie sentensi hiyo.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Wanahistoria wanapoandika juu ya jambo hilo huwataja Wagiriki, Wareno na Wahindi, na ni sawa, maana wao ndio waliokuwa na vikubwa vya kupoteza. Duka la baba lilikuwa na mlango mmoja. Mtu alikuja na karatasi, baba akaisoma, akampa ufunguo. Kisha akafanya jambo ambalo mama alimlaumu kwa miaka: alikaa na mtu yule nusu siku, akampitisha katika daftari la wadeni, akamwonyesha nani hulipa bila kukumbushwa, nani hulipa akikumbushwa mbele ya mkewe, na nani asikopeshwe tena. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba wale wadeni walikuwa majirani zake, na mtu asiyewajua angewaumiza. Sijui kama ningeweza kufanya hivyo. Nimekaa na watu waliokabidhi ofisi kwa hiari yao, kwa sherehe na keki, na hawakuacha hata nywila za kompyuta.

Walirudi Ujiji na watoto wawili na mizigo iliyoweza kuingia botini. Cherehani ya mama haikuingia. Ilibaki kwa yule mama wa Kitabwa, na baba alipoifuata baada ya miaka mitano aliikuta imefunikwa kitenge, imetiwa mafuta, sindano imetolewa ili isipate kutu.

Kuanzia hapo baba hakuhamia popote tena. Alikuwa akienda na kurudi. Shangazi yetu, dada yake mkubwa, hakupendezwa. Aliona kwamba mtu aliyenyang'anywa duka amepewa ishara, akae kwao sasa, na alipoona ishara haijaeleweka alikuja nyumbani akasema mbele ya wageni kwamba mtembezi hula miguu yake. "Dada," baba akamjibu, kwa heshima, huku amemshika mkono, "nakula yangu. Ya wanangu naivisha viatu."

Sasa nieleze alivyoipanga nyumba. Fedha yoyote iliyoingia mkononi mwake aliigawa usiku, juu ya mkeka, mbele ya mama, katika mafungu matatu: la ndani, la mali na la njia. La ndani lilikuwa la mama, na baba hakuwa na ruhusa ya kulikopa hata kwa saa moja. Ukubwa wake ulipimwa kwa mwezi, nao si wa kalenda bali wa angani. Msomaji wa Kigoma ataelewa mara moja, lakini wengine niwaeleze. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza kwa taa za karabai, kwa sababu samaki wale huufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina maana, wavuvi hutengeneza nyavu na kulala, na akina mama wanaonunua dagaa alfajiri kule Kibirizi na Katonga ili waanike hukosa cha kuanika. Mama alikuwa mmoja wao. Katika giza alipata fedha kila siku, na katika mbalamwezi hakupata hata senti. Na baba alipenda kuvuka siku hizohizo za mbalamwezi, kwa sababu boti zilikuwa zimelala, mabaharia walipatikana kwa bei ya kuelewana, na ziwa usiku lilionekana vizuri. Maana yake kila safari yake ilianza katika siku ambazo mama hakuwa na kipato chochote. Ndiyo maana fungu la ndani lilihesabiwa liweze kuvuka mbalamwezi mbili: ile aliyoondokea, na nyingine moja endapo atachelewa. Kama fedha haikutosha mbalamwezi mbili, hakuondoka. Nimemshuhudia akiacha boti iliyokwisha kupakiwa iondoke bila yeye, na akakaa ufukweni akiwa amenuna kama mtoto.

La njia lilikuwa la nauli, ugonjwa, na mikono inayonyooshwa njiani, ambayo sina haja ya kuieleza zaidi. La mali aliliangalia kwa namna ya ajabu. Alipokuwa akilifunga kwenye kitambaa alisema kwamba hili limeshazama, na likirudi tutamshukuru Mungu. Nimesoma vitabu vya usimamizi wa fedha vinavyotumia sura nzima kumfundisha mtu kutenganisha mtaji na matumizi ya nyumbani, na nimekagua biashara nyingi hapa Tabora, za asali na za tumbaku, zilizokufa kwa sababu droo ya dukani na sufuria ya jikoni vilikuwa kitu kimoja. Baba hakuwa na vitabu hivyo. Alikuwa na mkeka, na mke aliyekuwa na haki ya kusema hapana.

Sitamfanya malaika. Mali yenyewe, kwa miaka mingi, ilikuwa magendo. Alipeleka chumvi, sabuni na mchele, akarudi na vitenge, na sehemu kubwa ya vitenge hivyo haikuonja ushuru. Baada ya vita vya Kagera, nchi ilipokosa hata sabuni na maduka ya kaya yakawa na foleni za nusu siku, Kigoma nzima ilivaa ng'ambo, na waliokuwa wakiyakemea magendo mchana walituma watu kwa mama usiku kuuliza kama zipo pisi za yadi sita zenye maua madogo. Naandika hivyo bila kujivuna wala kuomba radhi.

Mwaka ambao mpango wa mafungu matatu ulipimwa kwelikweli ni 1979. Baba alitupima miguu mwezi wa Oktoba, akaongeza kidole kimoja kama kawaida, akavuka, akiahidi kurudi kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mwishoni mwa Desemba serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si fedha tena, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Baba alikuwa Kalemie, amekwisha kuuza mzigo wote, na fedha ya kununulia vitenge ilikuwa katika noti hizohizo, ndani ya gunia la chumvi. Alipanga foleni siku mbili. Alipofika mbele, yeye, mgeni, hakubadilishiwa kitu.

Fungu la mali lilikuwa limezama, kama alivyokuwa akisema. Angeweza kupanda boti akarudi mikono mitupu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa pia na deni kwa mwenye duka la jumla kule, aliyempa sehemu ya mzigo uliotangulia, na deni hilo ndilo lililomzuia. Hoja yake, nilipokuja kuisikia, ilinishangaza kwa unyoofu wake: akirudi nalo, siku moja mdai atavuka, na atakapofika Ujiji hatabisha mlango wa baba, kwa kuwa baba atakuwa safarini, atabisha mlango wa mama. Deni la ng'ambo lilipwe ng'ambo. Basi mtu wa karibu miaka 40, aliyewahi kuwa na duka katika mji uleule, alibeba mizigo kwenye stesheni ya Kalemie mbele ya waliokuwa wateja wake, na usiku wa giza akaingia katika mitumbwi ya dagaa kama kibarua. Alilipa deni mwezi wa Mei.

Nyumbani, fungu la ndani lilivuka mbalamwezi mbili, kama lilivyohesabiwa, kisha likaisha. Nakumbuka uji usio na sukari, na nakumbuka kwamba mama hakuwahi kusema mbele yetu kwamba baba amechelewa. Alisema mwezi umekuwa mrefu. Mwishowe alikwenda Mwanga, mtaa wa mjini Kigoma, akauza bangili zake mbili za dhahabu alizopewa siku ya harusi, akaifunga fedha katika kanga, akampa nahodha aliyemwamini, bila barua. Hakukuwa na haja ya barua. Baba alipoifungua ile kanga alijua imetoka mkononi mwa nani, na alijua ni ya nini.

Alirudi katika mfungo wa Ramadhani wa mwaka 1980, alasiri, na pisi chache za vitenge na viatu vya watoto wote. Hakuacha hata mmoja. Tulipangwa tena ukutani, na kaka akawa wa kwanza kujaribu. Mguu haukuingia. Baba alitafuta kiberiti, akapaka sabuni kidogo ndani ya kisigino cha kiatu kwa kijiti chake, mguu ukafika nusu. Akautafuta ule uzi wenye fundo moja, akaukaza kwenye mguu, na uzi ukaishia kabla ya kidole. Akaongeza kidole chake. Akaongeza cha pili. "Viwili na nusu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu iliyokataa, na akabaki amechuchumaa pale muda mrefu, uzi mkononi, huku sisi tukiwa tumesimama na hatuthubutu kujikuna. Mama alitoka ndani, akatazama, akasema, "Baba watoto, viteremshe." Ndivyo ilivyofanyika: viatu vya kaka akavaa dada, vya dada akavaa wa tatu, na mimi nikavaa viatu vya kahawia vyenye bizimu vilivyopimwa kwa uzi wenye mafundo matatu. Kaka alikwenda shule na katambuga za tairi hadi mwisho wa mwaka, na hadi leo hupenda kutukumbusha.

Tangu siku hiyo baba aliongeza vidole viwili. Viatu vyetu vyote vya utotoni baada ya hapo vilikuwa vikubwa, na tulivijaza pamba mbele.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu wa mtaa wetu walimwaga sukari shimoni na kutupa mali ziwani usiku. Mama alifumua magodoro yetu, akatoa pamba nusu, akatandaza vitenge, akashona upya kwa ile cherehani iliyotoka Kalemie. Kwa wiki kadhaa tulilala juu ya mtaji. Baba alichukuliwa na kuwekwa ndani siku 11 katika kituo ambacho sitakitaja, akatoka amekonda na hana la kusimulia, jambo lililokuwa geni kwake. Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na vitu vilevile vilivyokuwa dhambi vikawekwa dirishani. Alifungua duka Mwanga. Faida ya kwanza ya maana, mwaka 1986, alinunua bangili mbili, nzito kuliko zile za zamani, akampa mama juu ya mkeka, palepale walipogawia mafungu. Mama alizipima kiganjani. "Si hizi," akasema. "Lakini nimepokea."

Kipindi cha duka sina mengi ya kukisema. Biashara ikienda vizuri haina hadithi. Alitusomesha sote. Vita vya Kongo vilipovusha watu kwa maelfu kuja Kigoma mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzoni mwa 1997, wajukuu wa yule mama wa Kitabwa walifika nyumbani wakiwa watano, wamelitafuta duka kwa jina la baba peke yake, na walikaa kwetu hadi walipopata mahali pao. Dada alifurahi kuliko wote, kwa kuwa amepata watu wa kuzungumza nao Kiswahili chake.

Nilidhani amekwisha kutulia, hadi mwaka 2005, alipotangaza, akiwa na zaidi ya miaka 60 na hajawahi kupanda ndege, kwamba anakwenda Guangzhou, China, pamoja na wafanyabiashara kadhaa wa Kariakoo. Tulimkatalia. Mama hakumkataza, aliuliza tu fungu la ndani liko wapi, akaonyeshwa, akalihesabu. Wiki moja kabla ya safari wajukuu wote walipangwa barazani. Aliporudi alituambia kwamba hakujua neno hata moja la Kichina na hakulihitaji: aliingia katika duka la viatu, akamwaga nyuzi kwenye kaunta, na mwenye duka, mama wa makamo, akazitazama, akacheka, akawaita wenzake waje waone, kisha akachukua uzi mmoja mmoja na kuuingiza ndani ya kiatu hadi akapata. Alipofika kwenye uzi wa mwisho aliushika, akaonyesha ile sehemu iliyozidi, akauliza kwa macho. Baba akainua vidole viwili, kisha akaonyesha ndege kwa mkono. Yule mama akaelewa.

Mara ya mwisho kwenda kumwona nilipanda treni ya usiku kutoka Tabora. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa, viatu vyote vilikuwa vimemkataa, na alikuwa akienda msikitini kwa ndala zilizokatwa nyuma, jambo lililomtia aibu. Nilimwambia nitamtafutia makubazi mazuri. Nikaleta uzi, nikachuchumaa, nikaukaza kutoka kisigino hadi kidole gumba, na kwa mazoea nikaweka kidole changu mwisho wa uzi kabla ya kukata.

"Toa hicho," akasema. "Mimi sikui tena, wala siendi mbali."

Nikakata palepale. Makubazi yalimkaa sawasawa, na Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, badala ya kurudi nyumbani alimwomba kijana wa bodaboda ampeleke Kibirizi, akatukalisha roho juu hadi magharibi. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda miaka ile na kumeza ufukwe aliokuwa akipakilia. Tulimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, makubazi ameyavua na kuyaweka pembeni yasilowe, akimuuliza nahodha kijana chumvi siku hizi inauzwaje ng'ambo.